Vyura wa Abu Gasab

Jumanne moja, baada ya sala ya alasiri, Nashmiya binti Maktuf alimaliza kubandika samadi ukutani ili ikauke iwe kuni, akanawa mikono kwa kopo moja la maji ya lori, akaketi mkekani na kuifungua kompyuta juu ya debe lililopinduliwa. Kaka yake alikuwa amekwisha kufika. Alisimama kwenye gati bovu la mbao katikati ya kinamasi, mbilikimo mwenye ndevu nyekundu na shoka mgongoni.

"Umechelewa leo, dada'ngu," alisema Dakhil kutoka Malmö.

"Waambie nyati wafuate saa za Ulaya."

Mchezo wenyewe uliitwa Falme za Ukungu. Watu wa nchi zote waliingia humo kuua majoka na kunyang'anyana panga. Nashmiya alikuwa mwanamke mwenye kichwa cha korongo, na hakuwa ameua kitu. Wiki ya tatu tangu waanze kucheza, yeye na Dakhil walifika kwenye kinamasi cha mashariki, wakasimama kusikiliza kidogo, na hapo ndipo walipokuwa mpaka leo, mwaka wa pili.

Dakhil alikuwa amekaa Malmö miaka tisa, akifanya kazi kwenye tanuri la mikate. Zamani walipigiana simu, lakini kwenye simu mtu akinyamaza, mwenzake huuliza kama laini imekatika. Kwenye mchezo waliweza kunyamaza nusu saa nzima na hakuna aliyeuliza kitu. Vyura waliimba. Upepo ulipita kwenye matete, ukaanza upande wa kushoto na kuishia kulia. Ndege mmoja, ambaye hawakuwahi kumwona, alipiga mlio mara tatu na kukoma. Jua la mchezo lilipokuwa likichomoza, vinanda vilianza chini kabisa, polepole, kama vile vilikuwa vimelala humo majini.

Hapo ndipo walipogombana kila siku. Dakhil aliupenda muziki. Alisema aliyeutunga ni lazima alilelewa na mama mwenye huzuni. Nashmiya aliuzima kabisa kwenye mipangilio, akabakisha sauti za mazingira tu.

"Unakula mkate bila malai," Dakhil alimwambia.

"Mkate ukiwa mzuri nakula hivyohivyo. Nyamaza, umemfunika chura wa pili."

Wachezaji wengine walipita mbio wakienda vitani. Jumanne hiyo mmoja mwenye mapembe alisimama mbele yao.

"Nyinyi mmeganda au vipi? Mbona hampigani?"

"Tunasikiliza," alisema Dakhil.

"Mnasikiliza nini na nyinyi?"

"Pita basi, baba. Unatibua vyura."

Kisha Dakhil aliuliza swali lake la kila siku. "Kama nyumbani, siyo? Hapo ulipo unayasikia maji?"

"Nayasikia," alisema Nashmiya.

Nyumbani ni Abu Gasab, kijiji cha matete upande wa Chibayish, na maji yalikuwa yameondoka miaka minne iliyopita. Lango la mfereji huko juu lilifungwa kwa muda, wakaambiwa, na ule muda haukwisha. Kinamasi kiligeuka tope, tope likapasuka vipande vya ukubwa wa sinia. Kilichobaki ni dimbwi la maji ya chumvi, na nyati wa kufugwa waliokunywa humo walipofuka macho, wengine wakafa. Mzee Maktuf, baba yao, ndiye aliyekataza Dakhil asiambiwe. "Huko aliko hana kitu," alisema. "Mwacheni angalau ajue ana kwao."

Mzee Maktuf alikuwa haoni vizuri, na masikio nayo yalikuwa yakimwacha. Alhamisi ya wiki hiyo alisema na yeye anataka kukisikia hicho kinachomkalisha binti yake mkekani kila alasiri. Nashmiya alienda kwa Umm Sahi, jirani yao, akaazima spika kubwa ya maombolezo ya Muharramu, akaiweka mlangoni ikitazama nje, akaichomeka kwenye kompyuta.

Mzee alisikiliza huku amefumba macho. "Chura huyo si wetu," alisema. "Wa kwetu anavuta zaidi. Lakini matete ni yetu."

Nyati walikuwa saba. Walikuwa wamelala uani kwenye vumbi. Aliyeinuka wa kwanza alikuwa Sabha, jike lililopofuka. Alikuja hadi mbele ya spika, akakunja miguu ya mbele kama anavyofanya nyati anapoingia majini, akajilaza. Wengine wakamfuata. Ngozi zao zikawa nyeusi kwa kulowa, kwanza tumbo, kisha mgongo, hata vikabaki vichwa tu vikavu. Maji yenyewe hayakuonekana. Sabha alikunywa kwa muda mrefu, akapumua kwa nguvu, akanywa tena.

"Wamelowa," alisema Nashmiya.

"Kwani hawamo majini?" alisema mzee. "Ongeza sauti kidogo, ndama hapati."

Asubuhi iliyofuata Sabha alitoa maziwa makopo matatu. Kabla ya hapo alikuwa akitoa nusu kopo, tena yenye ladha ya chumvi. Nashmiya aliyachemsha, akayaacha yapoe, akaengua malai juu yake, utando wa mafuta mnene kama kitambaa. Umm Sahi alikuja kuchukua spika yake, akala malai hayo kwa mkate wa tanuri, akasema spika ikae tu, na jioni hiyohiyo akaleta nyati wake wanne.

"Lakini wangu wasikae karibu na huyo wenu mwenye kikohozi," alisema.

Baada ya wiki mbili kulikuwa na nyati sitini na mmoja mbele ya nyumba ya mzee Maktuf, na mambo yalikuwa na utaratibu. Sauti ilifunguliwa baada ya sala ya alfajiri na kufungwa magharibi. Wanawake walileta nguo wakazifua humo. Kina kilitegemea sauti: spika ikifunguliwa nusu, maji yalifika magotini, na ikifunguliwa yote, kiunoni. Wakati mmoja dada yake Umm Sahi alitaka kuusikia na huo muziki unaosemwa, na Nashmiya akauwasha. Maji yakashuka hadi kwenye vifundo vya miguu, kwa sababu vinanda vilikuwa vimechukua nafasi. Ukazimwa. Siku nyingine Nashmiya alimsogeza korongo wake bila kuangalia, akaingia kwenye mji wa wahunzi, na maziwa ya siku hiyo yalinuka chuma. Tangu hapo hakugusa kitu.

Kulikuwa na mambo mawili ambayo maji hayo hayakuweza. Ukichota ndoo, ilitoka imelowa ndani na nje, na haina kitu. Kwa hiyo maji ya kunywa yaliendelea kuja kwa lori. Na hayakuwa na samaki. Mzee Maktuf alitupa wavu siku tatu, akavuta matete yasiyoonekana, akaeleza sababu. Samaki hana sauti. Waliotengeneza mchezo walirekodi kinachosikika, basi.

Mwezi uliofuata akaja mhandisi wa ofisi ya maji, jina lake Muayyad, kijana mwenye adabu aliyevaa viatu vya mpira vipya. Maziwa ya Abu Gasab yalikuwa yameonekana sokoni, na ofisi ilitaka kujua yanatoka wapi. Nashmiya alimpa chai katika kibilauri, akamweleza yote tangu kwenye gati bovu la mbao. Mhandisi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akachomeka ubao wake wa vipimo ardhini, akangoja, akauchomoa. Ulikuwa umelowa hadi sentimita sabini na nane.

"Sabini na nane," alisema, akaandika.

"Andika na kwamba ni sauti, mwanangu," alisema mzee Maktuf.

"Fomu ina safu ya kimo, Hajji. Haina safu ya sauti."

"Basi andika pembeni," alisema Nashmiya. "Andika lango limefungwa mwaka wa nne, na kwamba umeme ukikatika hapa ni pakavu."

"Umeme nao si idara yetu, dada." Alimaliza chai yake, akashukuru, akasifu malai. Alipokuwa akiondoka alitembea amekunja suruali.

Taarifa ilitoka baada ya siku kumi. Ilisema kinamasi cha Abu Gasab kimerejea katika kimo cha kuridhisha, na kwamba mgao wa maji wa kijiji, uliokuwa ukisubiri tangu lango lifungwe, sasa ungepelekwa kunakohitajika zaidi, kwenye mabwawa ya kufugia samaki ya watu wakubwa huko juu. Redio iliisoma mara mbili. Mtu mmoja wa Malmö aliyekuwa na shemeji Nasiriyah aliisikia, akamwambia Dakhil kazini, na Dakhil akanunua tiketi.

"Nakuja," alimwambia Nashmiya kwenye kinamasi. "Sikujua kama yaliwahi kupungua, lakini wanasema yamerudi. Nakuja kukaa. Nimeshaacha kazi."

Nashmiya alikitazama kile kimbilikimo chake. Kilikuwa kikirukaruka. "Karibu nyumbani, kaka'ngu," alisema.

Alifika Ijumaa asubuhi kwa teksi kutoka Basra. Alikuwa amenenepa, na nywele za mbele hazipo. Alikuwa amemnunulia baba yake koti, na yeye mwenyewe alishika mkuki wa samaki wenye meno matano, alioundiwa na fundi njiani. Teksi ilimteremsha juu ya tuta. Kutoka pale mtu huona mbali. Aliiona nyumba, na nyati, na nyufa za ardhi zikienda mpaka mwisho wa macho.

Nashmiya alimwendea. Walikumbatiana, mkuki ukiwa katikati yao.

"Tangu lini?" aliuliza Dakhil.

"Mwaka wa nne huu."

"Na mimi kila siku nakuuliza."

"Ulikuwa ukiniuliza kama nayasikia maji," alisema Nashmiya. "Nilikuwa nayasikia."

Dakhil alishuka tutani, na alipoikaribia nyumba, suruali yake ililowa, kwanza vifundoni, kisha magotini. Akasimama hapo. Vyura walikuwa wakiimba, na yule ndege akapiga mara tatu. Mzee Maktuf alitoka na fimbo yake, maji yakimfika mapajani, akamshika mwanawe usoni kwa mikono miwili, akampapasa kipara.

"Nani kakwambia uje?" alisema mzee. "Huko ulikuwa na kazi."

"Redio, baba."

"Redio haioni."

Dakhil alilia kidogo, amesimama kwenye maji yale, na Umm Sahi aliyekuwa akifua karibu aligeuza mgongo kumpa nafasi. Kisha Dakhil akauliza kama kuna chai.

Jumapili alikwenda ofisi ya maji pamoja na dada yake. Mhandisi Muayyad aliwapokea vizuri, akawatafutia viti. Faili la Abu Gasab lilikuwa limefungwa kwa uzi wa kijani, maana yake limekwisha.

"Twende ukapime spika ikiwa imezimwa," alisema Dakhil.

"Tunapima kinamasi katika hali yake ya kawaida. Hali yake ya kawaida ni nini? Spika imewashwa au imezimwa?"

"Imewashwa," alikiri Nashmiya, kwa kuwa hakuwa mwongo.

"Basi."

"Na samaki wako wapi?" aliuliza Dakhil. "Maji gani ya sentimita sabini na nane yasiyo na hata dagaa?"

Mhandisi alifikiri kwa uaminifu. "Samaki ni idara nyingine," alisema. "Ghorofa ya pili. Lakini sasa watumishi wake wako mabwawani huko juu."

Dakhil alikaa wiki tano. Alijaribu. Alirekebisha ukuta wa matete, akamjengea baba yake kivuli, akajifunza tena kukamua. Alasiri aliketi na Nashmiya mlangoni, wakisikiliza kwa masikio yao wenyewe, bila mbilikimo na bila korongo, na siku hizo walisikilizana kama watu wasiotaka yaishe. Lakini alikuwa mvuvi. Kila asubuhi alichukua mkuki, akaingia majini mpaka kiunoni, akasimama kimya na kuangalia chini, na chini aliona miguu yake mwenyewe juu ya udongo uliopasuka. Wiki ya tano aliandikiwa kwamba tanurini imepatikana nafasi.

"Nenda," alisema Nashmiya. "Huku tupo."

"Ungekuja nami."

"Nani atabonyeza?"

Mzee Maktuf alimfungia malai kwenye chupa, ingawa wote walijua haitafika. Teksi ilikuja saa nne asubuhi, na safari hii ilishuka hadi mlangoni kwa sababu ya mizigo, kwa hiyo ilibidi sauti izimwe isije injini ikaingia maji. Nyati sitini na mmoja wakashuka taratibu, wakakaa juu ya vumbi, wakikunjua masikio. Watu wakasubiri na nguo zao mikononi. Gari liliondoka moja kwa moja kukatisha sakafu ya kinamasi, likivuta vumbi refu, na Nashmiya alisimama akilisindikiza kwa macho mpaka likapanda tuta la mbali.

"Bado tu?" aliuliza Umm Sahi. "Povu linanikaukia."

"Bado. Avuke kwanza."

Simu ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Dakhil.

"Nimepita kwenye lango la mfereji," aliandika. "Wamelipaka rangi. Buluu."

"Limefungwa?"

"Kufuli mbili."

Nashmiya aliiweka simu mfukoni, akaingia ndani, akabonyeza. Vyura walianza wa kwanza, kisha matete, kisha maji.