Nafasi ya Chuma Kukua

Ijumaa pikipiki ya Tipoko ilikataa tena kuwaka, na safari hii ilikataa katika kijiji cha mwisho, ng'ambo ya bonde, mbele ya akina mama waliokaa kwenye mkeka na watoto mapajani. Asubuhi ilikuwa ikiwaka bila shida. Ikishapata moto ukaizima, unaweza kuipiga teke mpaka kiatu kiachie soli. Itangoja ipoe kwanza. Na barafu ya kwenye sanduku la chanjo haingoji.

Muuguzi mkuu wa zahanati hakupandisha sauti. "Jumatatu ukikwama tena, sanduku nampa mwenzako Issouf. Ng'ambo ya bonde Issouf haendi, hilo unalijua. Watakuja wenyewe kwa miguu."

Tipoko alijua hawatakuja. Nani atambeba kichanga mgongoni saa za mchana, mwezi wa Aprili, kutoka kule mpaka mjini Gourcy?

Jumamosi jioni aliisukuma pikipiki uani. Gourcy pikipiki hulala sebuleni kwa kuogopa wezi, lakini msimu wa joto bati la paa hubaki na joto hadi alfajiri, ndiyo maana watu wote hulala nje. Alitaka kupima tapeti, yaani nafasi iliyo juu ya valvu, na hiyo hupimwa injini ikiwa baridi kabisa. Kwa hiyo aliilaza pikipiki kando ya mkeka wake, akafunga mnyororo kutoka gurudumu hadi kifundo cha mguu wake mwenyewe.

Alfajiri jirani yake, Lassina Toé, alichungulia juu ya ukuta.

"Mtumwa wangu, mumeo akirudi kutoka Abidjan nitamwambia umelala na nani."

"Mwambie. Halafu umwambie na kichwa cha mbwa ulichokula jana ulikitoa wapi, Baba Toé."

Tipoko ni Mmosi, mzee ni Msamo, na Wamosi na Wasamo ni watani tangu enzi za mababu. Kila mmoja humwita mwenzake mtumwa, hata msibani, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa. Mzee alizunguka, akaingia mlangoni, akaketi juu ya kinu kilichopinduliwa. Zamani alipeleka barua vijijini kwa pikipiki.

"Nilishakwambia umeinyonga," alisema. "Nyinyi Wamosi hamtaki yeyote aongee mbele yenu, hata chuma."

Tipoko akacheka kama alivyozoea. Alifungua plagi, kisha vifuniko viwili vidogo vya kichwa cha injini. Kazi hii alifundishwa mara moja tu, kwenye mafunzo ya wachanjaji, juu ya pikipiki ya mtu mwingine. Tangu hapo alimwachia fundi wa barabarani.

"Baba, zungusha gurudumu la nyuma. Polepole."

Gia ilikuwa imeingizwa, kwa hiyo gurudumu lilipozunguka injini nayo ilizunguka. Ndani ya tundu kijimkono cha chuma kilishuka, kikaisukuma valvu, kikainuka. Upande wa pili kingine kikafanya vilevile, kwa zamu yake. Mafuta yaling'aa juu yake kama jasho. Mzee alisahau gurudumu, akainama mpaka kofia yake ikagusa tangi.

"Miaka yote ile nilikuwa nimekalia hiki?"

"Barabarani kinafanya hivyo mara nyingi kuliko moyo wako, Baba."

Kila kijiji alichowahi kufika, aliwaza Tipoko, kila mtoto aliyemshika mkono, chini yake vilikuwepo vijimkono hivi viwili vikipokezana gizani, wala hakuwahi kuviona.

Alipoona alama ya pistoni kufika juu imelingana, na vijimkono vyote viwili vimepumzika, alitoa geji ya kupimia nafasi, vibati vyake vimepangwa kama kurasa. Upande wa kuingiza hewa kibati kilipita kwa mkwaruzo mdogo, kama inavyotakiwa. Upande wa kutoa moshi hakikupita. Akajaribu chembamba zaidi, kisha chembamba kuliko vyote, laini kama ukucha wa mtoto mchanga. Kiligota.

Akaelewa. Chuma kikipata moto hukua. Kisipoachiwa nafasi ya kukulia, huisukuma valvu ibaki wazi kidogo, na nguvu yote ya injini huvujia hapo. Na nafasi hiyo ndiyo inayolia, ti-ti-ti, mlio ambao mjini wanaucheka kuwa ni wa pikipiki kuukuu. Yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia fundi ainyamazishe.

"Baba Toé. Ulikuwa unasema kweli?"

"Tangu lini Mmosi akamwuliza hivyo mtani wake?" Kisha akashusha sauti. "Kweli tupu, mwanangu, tangu mvua zilipokatika. Ukacheka. Nami nikacheka. Yangu ilinyamaza hivihivi kabla ya kufa. Valvu iliungua."

"Na hii kama imeshaungua?"

Mzee alimpa spana.

Tipoko alilegeza nati, akarudisha skrubu kidogo, akateleza kibati, akakaza, akapima. Katika kukaza nafasi ilikuwa imebanwa. Akaanza upya, akishikilia pumzi. Mara hii kibati kilipita, kikamgusa vidoleni kama mtu anayevuta upindo wa nguo yako kwa heshima.

Jua likiwa limeshapanda aliendesha hadi bwawani na kurudi, mzee nyuma yake ameshikilia kofia, mpaka injini ikawa haigusiki. Njia nzima pikipiki ililia ti-ti-ti. Mbele ya zahanati akaizima.

Walingoja kidogo. Muuguzi mkuu alitoka barazani na bilauri ya chai, akasimama.

Tipoko akapiga teke. Ikawaka.

Akaizima tena kwa makusudi, akaiwasha tena. Kisha akaweka kiganja juu ya tangi, na mzee akaweka chake, wakauhisi mtetemo ukipanda mpaka kwenye viwiko.

"Mbona inapiga kelele hivyo?" muuguzi mkuu aliuliza.

"Itapiga hivyohivyo mpaka ng'ambo ya bonde," alisema Tipoko. "Kesho nijazie sanduku barafu mapema, nitaondoka kabla ya jua."