Cha Juu cha Nyumba Yetu

Miaka arobaini ya udalali nimekula kwa mdomo: nikiufunga, sili. Nimeuza viwanja vyenye maji ya kuvulia samaki, nikayaita mandhari. Nimempangishia mtu chumba kisicho na dirisha, akanishukuru, maana nilimwambia wezi hawatakuwa na pa kuchungulia. Kwa hiyo nikikwambia kwamba nyumba yangu mwenyewe ilinishinda kuuza, usicheke kwanza.

Mke wangu alikuwa na uvimbe tumboni. Daktari alitaja Alhamisi, tena akasema hela hutangulia kisu. Hatukuwa na kitu ila nyumba, nayo iko kwa jina lake. Niliiandikisha hivyo mwenyewe, nisije nikaiuza siku nimelewa sifa. Mimi nimestaafu, kwa hiyo nikampa dalali mmoja kijana, wanamwita Mdomo. Bei milioni thelathini, basi. Wiki tatu hakuja mtu hata wa kuchungulia bomba. Mke wangu akawa halali tena chali wala ubavu. Analala amekaa, kaegemea ukuta, beseni mapajani.

Jumatatu asubuhi, siku tatu kabla ya kisu, simu ikalia. Sauti ngeni.

"Shikamoo mzee. Nasikia zamani ulikuwa na wateja. Nina nyumba ya bure kabisa."

"Marahaba. Ikoje?"

"Vyumba viwili, sebule inatazama barabara, geti la bluu, ngazi tatu, ya katikati imebanduka."

Nilikuwa nimekaa juu ya hiyo ngazi ya katikati.

"Bei?"

"Hamsini na tano. Mwenyewe mzee mmoja mkorofi, hashuki hata kidogo."

Nikamuuliza kaipata kwa nani. Kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa Mdomo: madalali watano, kila mmoja kaongeza cha juu chake kwenye bei. Nyumba yangu ilikuwa inatembea mjini bila mimi, na kila kona inapanda bei.

"Na mteja unaye?"

"Alikuwapo mshonaji mmoja, yule wa mashine nne nyuma ya soko. Kaikimbia bei."

Enzi zetu mtu angetaja umri wa mama yake kabla ya kumtaja mteja. Nikakata simu, nikavaa viatu bila soksi.

Mshonaji alikuwa mama mnene wa miwani, pini mdomoni. Nikamwambia ile nyumba ya geti la bluu ni yangu, namuuzia thelathini, leo. Mashine ikasimama.

"Dalali wako yuko wapi?"

"Sina. Nimewaruka wote."

Akatoa pini mdomoni moja moja. "Baba, karibu nusu ya bei, haraka, tena bila dalali? Hiyo si nyumba, hiyo kesi. Dalali akinidanganya najua kijiwe chake, nitamfuata. Wewe nitakufuata wapi?"

Miaka arobaini sikuwahi kusikia mtu akiieleza kazi yangu vizuri vile: kumbe nilikuwa mtu wa kukamatwa. Nikaiona Alhamisi inaniponyoka. Nikacheka kicheko cha kazini.

"Nilikuwa nakupima, mama. Dalali ni mimi. Mwenyewe ni mama mmoja, anahamia kwa binti yake."

Akampazia sauti muuza vitunguu wa nje. "Huyu ni dalali?"

"Huyo? Dalali mpaka kwenye damu! Aliniuzia mbuzi mwenye mimba, kumbe kavimbiwa!"

"Sasa tunaongea," mshonaji akasema, akachukua mkoba.

Mlangoni kwangu nikapaza sauti kabla hatujaingia. "Hodi, mama mwenye nyumba! Dalali wako nimekuletea mteja!"

Mke wangu akanitazama mara moja tu, akaelewa. "Karibuni. Huyo dalali mwangalieni, ana mikono mirefu."

Mshonaji akapapasa kuta, akafungua bomba, akarudi chumbani. Akaliona beseni.

"Unahamia kwa binti, mama?"

Hapo ndipo dalali huingia kati na kikohozi. Nilichelewa.

"Binti gani? Nakwenda kupasuliwa Alhamisi."

Nadhani kazi yangu yote ilikuwa hiyo, kusimama mbele ya shida ya mtu ili mwenzake asiione. Mshonaji akaniita sebuleni, macho chini. "Mwambie ishirini na mbili. Nisamehe, nami natafuta."

Kutoka sebuleni mpaka chumbani ni hatua sita. Nilizipiga kama napanda mlima.

"Anasemaje?"

"Ishirini na mbili."

"Hospitali wanataka ngapi?"

"Hizo hizo."

"Mwambie mwenye nyumba kakubali."

"Na mimi nitalala wapi?"

"Wewe si dalali? Jitafutie chumba." Akataka kucheka, tumbo likamkatalia.

Nikasimama kwenye korido, huku mlango, huku mlango. Nikatafuta neno la kuongeza, hata uongo mdogo, wa kumpandisha yule mama kidogo tu, hela ya chumba na godoro. Sikupata. Nikalipeleka jibu kama nilivyopewa, mara ya kwanza maishani.

Karatasi iliandikwa pale pale. Mwenye nyumba akatia sahihi juu ya goti. Mshonaji akanigeukia.

"Na wewe baba, udalali wako analipa nani?"

Nikafungua mdomo.

"Huyo wangu," mke wangu akasema, akijifuta midomo. "Nitamlipa mimi, nikiamka."