Maneno Matatu ya Kukaribia

Kitendawili! Wageni wangu wamefika tangu asubuhi, na bado hakuna aliyevuka kizingiti.

Msijisumbue, nitawapa jibu mwenyewe. Ni watu wa simu. Huku kwetu, milimani juu ya Nyabiondo, mtu akiulizwa yuko wapi anajibu "nimefika", hata kama ndiyo kwanza anatafuta kiatu cha pili. Bingwa wao ni Nzanzu, Munande wa Butembo anayepakia watu kwa pikipiki kati ya Walikale na Masisi. Noeli iliyopita alimleta mjukuu wangu Estelle, anayeniita koko, yaani bibi, na anayesomea ukunga Walikale. Saa nne asubuhi alinipigia: "Mama, tumefika, songa bugari!" Nikasonga ugali. Waliingia saa kumi na moja, bugari imekuwa jiwe.

"Papa Nzanzu," nilimwambia, "siku ingine ukisema umefika, nitaenda kwanza kupanda mihogo."

"Mama, nilifika mu roho," akajibu, na jiwe lile akalila lote.

Kesho yake tulikuwa tunapukuchua maharagwe, mimi, Estelle na Gentille, mke wa mjukuu wangu Edmond. Gentille alikuwa na mimba yake ya kwanza, tumbo ndiyo linaanza kuonekana. Estelle akatuletea dawa ya ugonjwa wa Nzanzu. Alikuwa anajifunza Kiingereza, kwa sababu madaktari wengine wanaopita kule hawajui lugha nyingine, na alikuwa amegundua kwamba Waingereza wana misemo mingi ya kusema jambo linakaribia kwisha, kila msemo na umbali wake. Nikaleta kaye, daftari langu, nikaandika jinsi sikio lilivyopokea, maana shule yangu iliishia ya msingi.

Ova ze hampi: umeshapita nundu, kipande kigumu kiko mgongoni. Hom strechi: umeingia sehemu ya mwisho iliyonyooka, kama farasi wa mashindano. Raundi ze kona: jambo liko nyuma ya kona tu, nyosha shingo utaliona.

Tukaigawa barabara ya Walikale kwa maneno hayo. Ova ze hampi ni kupita mlima mkubwa, pori liko nyuma. Hom strechi ni kuvuka daraja la miti. Raundi ze kona ni pale chini ya Mzee, kile kilima chenye kichwa cha mviringo ambacho kutoka uwanjani kwangu unakiona mabega na kichwa.

"Haya hatudanganyane nayo," Gentille alisema, maganda yamemjaa mapajani. "'Nimefika' imeshachakaa. Haya iko mapya."

Tukaapa kwa kucheka. Ndivyo tunavyoapa sisi.

Mwezi wa nne, alfajiri ya Jumanne, maji ya Gentille yalivunjika. Nimepokea watoto wengi kwa mikono hii. Nilipompapasa tumbo nilikuta kichwa cha mtoto juu, chini ya mbavu, mahali ambapo kichwa hakina kazi. Nikajifuta mikono polepole. Nesi wa kwetu alikuwa amehama na familia yake wiki ile risasi zilipolia. Kulikuwa na njia mbili. Kumbeba kwa tipoyi, kile kitanda cha miti na kamba tunachobebea wagonjwa, hadi hospitali ya Masisi, saa tano za matope. Ao kumungoja Estelle.

Edmond akampigia. Estelle alisikika amelala nusu, kisha hakulala tena.

"Musimutikise, koko! Niko nakuja na vyombo vya kazi. Nzanzu iko hapa na pikipiki. Saa nane niko kwako."

Darius, mkubwa wa wabebaji, alikuja na wanaume saba wakaketi ukutani, tipoyi imelala mbele yao. Alitazama mawingu.

"Mama, mimi sikusukume. Lakini mvua ikinyesha kule juu, kijito cha chini kinajaa. Kupita saa tisa, hata mbuzi havuki. Tukikaa hapa na Estelle asifike, hatuna tena njia."

"Estelle hanidanganye," nikasema.

"Na Nzanzu?"

Niliingia ndani, nikamshika Gentille kiuno uchungu ulipokuja, nikahesabu pumzi pamoja naye.

Saa nne simu ililia. Upepo mwingi, halafu sauti ya Estelle: "Koko, ova ze hampi!" Nikapiga kelele uwanjani kana kwamba mtoto ameshazaliwa. Gentille akatabasamu, jasho likimshuka. Saa sita kamili: "Hom strechi, koko!" Daraja limevukwa. Darius akainuka akajinyoosha, akaketi tena. Edmond alikuwa anachonga kijiti hadi kikaisha, akaokota kingine.

Lakini Gentille alikuwa anabadilika. Uchungu ulikuja mkali, mtoto hakushuka hata kidole kimoja, na midomo yake ilikuwa imepauka kama unga wa muhogo. "Koko, iko wapi sasa?" aliniuliza. "Amevuka daraja, binti yangu." Alifunga macho.

Saa sita na nusu simu tena.

"Raundi ze kona, koko. Tuko raundi ze kona."

Edmond alitupa kijiti akakimbilia njiani kumpokea. Mimi nilibaki na simu sikioni. Kutoka darajani hadi chini ya Mzee, pikipiki hula saa nzima wakati wa jua kali. Na sauti ya Estelle haikuwa na upepo ndani yake. Ilikuwa sauti ya mtu aliyesimama.

Nikageuka kutazama kilima. Tangu asubuhi ukungu ulikuwa umemshika Mzee mpaka mabegani, hata shingo haionekani.

"Kitendawili, Estelle."

"Koko, sasa hivi?"

"Kitendawili!"

"Tega," akasema polepole.

"Babu yangu hana nyumba, lakini kila siku anachagua kofia."

"Ni Mzee, koko. Kile kilima."

"Uko chini ya miguu yake. Leo amevaa kofia gani?"

Nilisikia mtu wa kando akinong'ona, nadhani Nzanzu. Kisha Estelle akasema: "Leo... leo hana kofia. Iko kichwa wazi. Jua iko inapiga."

Nikatazama ukungu ule mweupe, mzito.

"Estelle."

Akaanza kulia. "Mnyororo umekatika, koko. Tuko palepale ku daraja. Nzanzu anatengeneza, anasema dakika kumi, tangu saa sita anasema dakika kumi. Niliogopa mutamubeba na mutoto amekaa vibaya. Niliogopa Gentille atakata tamaa. Nilisema nikitamka tu, mutangoja, halafu nitafika..."

"Wewe huko darajani unaona kidole cha mutoto ao mguu chini?" nikamuuliza.

"Mimi?"

"Mimi ndiyo niko naye. Sioni kitu. Kichwa iko juu na nguvu zinamwisha. Niambie kama mukunga, usiniambie kama mujukuu."

Akavuta pumzi. Aliporudi, sauti ilikuwa nyingine. "Mubebe, koko. Mulalishe kwa ubavu wa kushoto. Asisukume. Mubebe sasa."

Walimwinua. Wanne wanabeba, wanne wanangoja zamu, mimi nyuma na kitenge cha akiba na chupa ya maji. Edmond alirudi kutoka njiani mikono mitupu, akauliza kwa macho, nikatikisa kichwa. Akaenda akashika mti wa mbele na hakukubali kuachia zamu yake. Matone ya kwanza yalianguka tukiwa kwenye mashamba ya maharagwe. Kijitoni maji yalikuwa yamefika magotini, mekundu, yanavuta. Darius alitangulia na fimbo, wakampitisha Gentille juu ya vichwa vyao. Tulipogeuka kutazama, jiwe tulilokanyaga halikuonekana tena.

Hapo ndiyo mtihani wangu ulinifikia. Gentille aliinua mkono kutoka tipoyi akashika nguo yangu.

"Koko, tumefika wapi?"

Wabebaji wote wakajibu pamoja, kwa huruma: "Tumefika, mama! Tumefika, jikaze!"

Alinitazama mimi, si wao. Na neno lilikuwa tayari kinywani, tamu, la kumtuliza. Siku hiyo nilimwelewa Estelle. Mdomo wa anayependa una haraka kuliko pikipiki yoyote.

"Bado hatujapita nundu," nikamwambia. "Ule mlima mbele. Nitakuambia."

Akafunga macho, lakini mkono haukuachia. Alikuwa anangoja neno, na anayengoja bado yuko. Juu ya mlima, mvua inatupiga usoni, niliinama: "Ova ze hampi." Akakubali kwa kope. Muda mrefu baadaye, barabara ya gari ilipoonekana, nikasema: "Hom strechi. Kweli." Aliuliza mara mbili katikati, na mara mbili nilijibu bado, na kila mara Darius aliniangalia kwa hasira. Kisha yakaonekana mabati ya kwanza ya Masisi, na ukuta wa hospitali ulikuwa umejificha kidogo tu nyuma ya kona ya barabara.

"Raundi ze kona, Gentille."

Akanibana mkono hadi mifupa ikalia. Tulipopinda kona, lango lilikuwa pale.

Walimwingiza moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Edmond aliketi sakafuni, mabega yamechubuka. Estelle na Nzanzu waliingia baada ya saa moja, matope hadi nywele, pikipiki wameiacha ng'ambo ya kijito na kuzunguka kwa miguu kwa daraja la juu, la kamba, lisilopitisha tipoyi. Nzanzu alisimama mlangoni, kofia mkononi, na kwa mara ya kwanza hakutangaza kwamba amefika.

Estelle hakuthubutu kunikaribia. Nesi akatoa kichwa: "Wako karibu kumaliza, mama."

"Karibu gani?" nikauliza. Akanishangaa akafunga mlango.

"Ingia uangalie," nikamwambia Estelle.

Alivaa koti jeupe walilompa, akaingia. Alikaa kule. Alipotoka macho yake yalikuwa mekundu, na aliniangalia sawasawa.

"Mutoto ametoka, koko. Mwanamuke. Iko analia. Gentille bado. Damu ni nyingi, wanashona. Sina neno la hiyo, si la Kingereza, si la kwetu. Bado tu."

Nikasogea kwenye benchi nikampa nafasi. Aliketi, baridi na matope yake, nikamfunika kitenge cha akiba. Tukangoja, Edmond akitazama mlango. Giza lilikuwa limeshaingia nyuma ya mvua wakati nesi alipoufungua wote, upana mzima, na nyuma yake, kwenye kitanda cha magurudumu, Gentille aligeuza kichwa akitutafuta.

"Koko," alisema, sauti ya uzi, "sasa ile ya kwetu unaweza kuisema."

Nikamwambia, "Umefika, binti yangu."