Mtani wa Otilia

Niseme mapema kwamba mimi nilikwenda kuogelea. Nilikuwa nimefundisha Songea miaka kadhaa, na katika muda wote huo maji mengi niliyoyaona yalikuwa ya ndoo. Kwa hiyo Bashiru aliposema kwamba sikukuu ya Nanenane atatupeleka Ziwa Nyasa kwa pikapu yake, tukatembee kisiwani kama watalii, sikuuliza mara mbili. Nilinunua hata kaptula ya mtumba.

Tulikuwa watatu. Bashiru, Myao wa Tunduru, alikuwa muuza korosho aliyegeukia mawe ya vito mwaka ule wa tisini na tano, wakati kila mtu alikuwa ama anachimba ama ananunua. Notburga, Mngoni wa Maposeni, alikuwa mwalimu mwenzangu, na tulipanga nyumba moja Ruhuwiko. Wa tatu ni mimi Judica, Mpare, mtu wa kuja. Wayao na Wangoni ni watani, na hao wawili walinichosha roho njia nzima.

"We Mngoni, kapande nyuma na mahindi wenzako."

"Endesha gari, Myao. Dereva wangu sikumwajiri kuongea."

Tulifika Mbamba Bay jua linazama, vumbi limetufanya wote rangi moja. Bashiru alipokwenda kuswali magharibi, Notburga alisukuma sahani yake ya samaki pembeni.

"Judica, mimi siendi kutembea. Namfuata mama."

Nilijua mama yake alikufa kwa homa Notburga akiwa mchanga. Hata yeye ndivyo alivyojua, mpaka shangazi yake alipougua mwaka uliopita akamwita kitandani na kumwambia ukweli. Mama yake alishikwa na ukoma. Alipelekwa kisiwani, kwenye makazi ya wagonjwa, na baada ya miezi michache zikaja habari kwamba amekufa. Kule Maposeni walichoma mkeka wake na nguo zake. Hawakuweka matanga. Hakuna aliyelia kwa sauti, maana kulia kungekuwa kutangaza ugonjwa wenyewe, na jina lake, Otilia, hakupewa mjukuu hata mmoja.

"Nataka nione alipolazwa, nimlilie," alisema Notburga. "Mtu hafukiwi kimyakimya kama kuku aliyekufa kwa mdondo. Ila Bashiru asijue. Ataleta utani wake, na mimi sitaweza kuuvumilia."

Nilimwahidi. Kusema kweli nilikasirika kidogo. Mtu umejiandaa kuogelea, unaambiwa unakwenda msibani.

Asubuhi tulikodi boti ya mashine. Nilimuuliza mwenye boti kisiwa kinaitwaje. "Kule," alisema. Nikamwambia nataka jina lake. "Tunakwenda Kule, mama," alirudia, akavuta kamba ya mashine. Alitushusha mchangani, yeye mwenyewe hakutia mguu nchi kavu, akasema atatufuata alasiri.

Kilikuwa kisiwa kizuri mno, na jambo hilo liliniudhi. Maji maangavu, samaki wa buluu wanapita katikati ya miamba, mchanga msafi kama umepepetwa. Niliogelea, ndiyo. Bashiru alitupiga picha, akajipiga kifua, akasema ziwa lote lilikuwa la Wayao kabla Wangoni hawajalinywa. Notburga alicheka sana, kicheko cha kuigiza. Kisha tukamwacha Bashiru majini, sisi tukapanda juu.

Makazi yalikuwa yamekufa siku nyingi. Kanisa halikuwa na paa, na mipera ilikuwa imeota ndani ya nyumba za wagonjwa. Katika chumba kimoja tulikuta viatu vya matairi vimetundikwa ukutani, jozi kwa jozi. Nilidhani ni vya watoto. Niliposhika kimoja niliona upana ulikuwa wa mguu wa mtu mzima, ila mbele kimekatwa pasipo nafasi ya vidole. Nilikirudisha haraka, nikajipangusa mkono kwenye kaptula, halafu nikaona aibu.

"Karibuni," alisema mtu nyuma yetu.

Alikuwa bibi kizee, amebaki na vidole vichache, jembe begani. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia kwa furaha kama mtu aliyeletewa zawadi. Jina lake Asumpta. Nilimuuliza kwa nini anaishi pale peke yake.

"Nilipona, nikarudi kwetu. Wakanipa sahani yangu peke yangu na kikombe changu peke yangu. Nikapanda boti nikarudi."

Notburga alimwambia anatafuta kaburi la Otilia Mapunda wa Maposeni. Bibi Asumpta alimsogelea akamtazama usoni.

"Wewe nani wake?"

"Mtoto wake."

Bibi alishusha jembe begani. Alitutangulia hadi nyuma ya kanisa, palipokuwa na matuta ya mawe yasiyo na majina, akasimama kwenye tuta la mwisho, karibu na mlimau.

"Alikaa huku miezi mingapi?" Notburga aliuliza.

"Miezi?" Bibi Asumpta alishangaa. "Otilia tulimzika mwaka ule uhaba ulipoisha, sukari ikarudi madukani."

Nilipiga hesabu, na nikaona Notburga naye anapiga. Mwaka huo alikuwa keshamaliza chuo, ana darasa lake Songea. Alikuwa amekua, amesoma, amepata kazi, na muda wote huo mama yake alikuwa hai ng'ambo ya maji. Alikaa chini. Nilingoja alie. Alikunja uso, akafinya macho, akajipiga kifuani kabisa, lakini machozi yalimgomea. Sijaona kitu cha kuhuzunisha kama mtu anayetafuta kilio asikipate.

Hapo ndipo Bashiru alipotokea, taulo begani, maji yanamchuruzika.

"Mngoni! Umekuja kuchagua kiwanja?" Akajilaza chali juu ya tuta lile lile, mikono kifuani, kama watani wanavyofanya kwenye mazishi. "Siondoki hapa mpaka Wangoni wanilipe!"

Nilimvamia. Nilimshika sikio, mtu mzima yule, nikaanza kumvuta.

"Mwache," Notburga alisema. "Bashiru, huyo uliyemlalia ni mama yangu."

Bashiru alinyanyuka kama aliyekanyaga moto. "Astaghfirullah! Dada, wallahi sikujua. Nisamehe." Alianza kurudi kinyumenyume.

"Usiende. Mama alizikwa bila ndugu na bila mtani. Hakuna aliyezuia kaburi lake, hakuna aliyemwiga ili watu wacheke. Mzike wewe."

"Nitamwigaje mtu nisiyemjua?"

"Hata mimi simjui. Fanya tu."

Bashiru aliniangalia, mimi nikaangalia pembeni. Akachukua kitenge cha Notburga, akajifunga kiunoni, akaanza. Alikuwa Mngoni mwenye gubu anayefokea kuku waliokula mahindi yake. Alikuwa mama mkwe anayeonja mboga ya mkwe. Alikuwa fundi, yule Myao. Nilicheka, Bibi Asumpta alicheka akijishika mbavu, na Notburga alicheka, safari hii kicheko chake mwenyewe.

Sijui ni wakati gani mchezo ulibadilika. Mguu wa kushoto wa Bashiru ulianza kuburutika mchangani. Kisha mkono ulipanda na kufunika mdomo, na akawa anacheka nyuma ya mkono huo, kichwa kimeinama upande. Bibi Asumpta aliacha kucheka.

"Nani amemwambia?" alininong'oneza. "Nani amemwambia kwamba Otilia alikuwa anacheka hivyo?"

Mimi si mtu wa mambo hayo. Nimelelewa Kilutheri, mashetani ya watu huwa nayacheka. Lakini nilitamani boti ije.

Bashiru alimgeukia Notburga, mkono ungali mdomoni, akasema maneno machache kwa Kingoni, polepole, kwa sauti ya mtu aliyezoea kutojibiwa. Bashiru hajui Kingoni zaidi ya matusi.

"Amesema nini?" nilimuuliza Bibi Asumpta.

"Anauliza kama mtoto ameacha kunyonya." Bibi alinishika mkono. "Kila boti iliyoleta mgonjwa mpya, alikuwa akiteremka pwani kuuliza hivyo. Tukimwambia, Otilia, huyo sasa ni mtu mzima, anakubali. Boti nyingine ikija, anauliza tena. Mpaka anakufa."

Notburga alipiga magoti mbele ya yule aliyesimama. Machozi yalikuwa yamefunguka, yanamwagika hadi kidevuni, na hakuyafuta.

"Ameacha, mama," alijibu. "Siku hizi anakula ugali."