Matusi kwa Kiinitete

Bi Nhàn alifika hospitali na chupa ya uji kwapani, na kabla hata hajaketi alikuwa keshafungua kifuniko. Ulikuwa uji wa mchele na samaki wa bwawani, ule wanaopikiwa wajawazito.

"Mama, mimi bado sina mimba," Thoa alimnong'oneza mama mkwe wake.

"Sasa mtoto akija akute tumbo tupu? Kunywa!"

Thoa akanywa. Kubishana na Bi Nhàn juu ya chakula ni kujichosha bure, mji mzima wa Nam Định unalijua hilo. Tena alimpenda. Mama yake mzazi alishafariki, na huyu mzee ndiye aliyemshika mkono miaka yote ya kuhangaika na madaktari wa uzazi, wala hakuwahi kumtupia neno la kumchoma. Ndiyo maana leo roho ilikuwa juu juu. Mayai yalikuwa yanamwishia. Safari hii yalipatikana machache, na yale yaliyokutanishwa na mbegu za mumewe Quyền yalikufa moja baada ya jingine mle maabara. Kilisalia kiinitete kimoja tu. Hicho kikishindwa, basi tena.

Daktari Uyên aliwaita wote watatu, akawasha skrini.

"Ndicho hiki. Huwa tunavipa alama kwa sura. Kizuri ni mviringo safi. Seli za ndani zimeshikamana, maana hizo ndizo zitakuwa mtoto, na za nje zimejipanga, hizo zitakuwa kondo la nyuma." Akasita. "Hiki sura yake si nzuri. Seli za nje ziko shaghalabaghala, na ndani kuna vipande vimemeguka. Tunaweza kukipandikiza leo, au tukiache. Sitawadanganya, matumaini ni madogo."

"Tukiache," alisema Quyền, macho sakafuni. "Mara ya mwisho ilipoharibika nilikuona, Thoa. Hukula, hukulala. Sitaki nikuone vile tena."

Hakuwa na roho mbaya, Quyền. Alikuwa mwoga wa machozi ya mkewe, hilo tu.

Thoa alikuwa anakitazama kile kiduara. Yai lile lilianza kutengenezwa yeye mwenyewe akiwa bado tumboni mwa mama yake, likaachwa nusunusu, likakaa kungoja miaka yote hiyo. Kwa hiyo marehemu mama, ambaye hakujaliwa kumwona mjukuu, alikuwa amelibeba. Mbegu ya Quyền ilikuwa ya juzijuzi tu, ya baada ya Tết, sikukuu ya mwaka mpya. Ikapenya, na yai likajifunga nyuma yake, mbegu nyingine zilizochelewa zikabaki nje. Kisha likagawanyika mawili, manne, manane, bila mtu kulielekeza. Kitu kilichofanya yote hayo peke yake, leo kinaambiwa hakina sura! Alikuwa keshakipenda, na hakujua atamwambiaje mumewe.

"Daktari," Bi Nhàn aliita kutoka kwenye kiti chake. "Umesema kikoje?"

"Samahani, Bibi. Sura yake si nzuri."

"Sikusikia vizuri. Sema tena."

"Ni... kibaya, Bibi."

Bi Nhàn alipiga goti lake, akacheka hadi ufizi ukaonekana. "Mmesikia? Kasema mwenyewe, mimi sijamtuma!" Akaisogelea skrini. "We kibaya we! Pua huna, shingo huna, umekaa kama tonge lililoangukia majivuni! Nani atakutaka wewe? Toka hapa!"

"Mama! Tuko hospitali!" alisema Quyền.

"Nyamaza. Wewe nilikuita Chura mpaka ukaanza shule, na hakuna pepo aliyekugusa." Kisha sauti ikashuka, akaushika mkono wa Thoa. "Wale wa kwanza tuliowapoteza, madaktari waliwasifia, mwanangu. 'Vizuri mno, vizuri mno.' Mimi hapo natetemeka, ila nikaona haya kumkatiza daktari. Wazuri wanaosifiwa ndio wanaonyakuliwa na mapepo. Huyu nani atamtamani? Labda sisi."

Daktari Uyên alivua miwani, akaifuta.

"Mtoto wangu nyumbani tunamwita Panya," alisema. "Mambo ya mapepo siyajui, Bibi. Ila vibaya namna hii, vingine vimekuwa watoto. Nimewapakata."

Thoa akapiga moyo konde. "Nipandikizieni. Ni wangu huyo."

Quyền akachukua chupa, akammiminia uji uliobaki.

"Haya, malizia," alisema.

Damu ilipopimwa, majibu yalikuwa mazuri, lakini Thoa alikataa kufurahi. Wiki kadhaa baadaye walirudi wote watatu. Daktari Uyên alimpitishia kifaa tumboni, akatafuta, akatafuta tena, kisha akaonyesha kwa kidole. Mle gizani kwenye skrini kitu kidogo kilikuwa kinapepesa, haraka haraka, hakitulii.

"Moyo huo," alisema.

Bi Nhàn alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Akafungua mdomo. Hakutukana. Akauziba mdomo kwa viganja vyote viwili, machozi yakimchuruzika, akageuka na kutoka mbio hadi uani.

"Mama ana nini?" Quyền aliinuka amfuate.

"Mwache," alisema Thoa. "Anaogopa asije akamsifia."