Alichowekewa Gwantwa

Nyumbani kwa Enesi kitu kizuri hakikuliwa mtoto akiwa mbali. Paja la kuku lilikaushwa juu ya moshi, karanga zikafungwa kwenye kitambaa na kusukumwa chini ya kitanda, asali ikakaa mpaka ikapandwa na sisimizi. Vyote hivyo vya Gwantwa, binti yake wa pekee, aliyekuwa chuo kikuu Dar es Salaam akisomea udaktari. Mumewe, Jairo, alishachoka. Siku moja aliuliza kama yeye naye lazima asafiri ndipo awekewe. Enesi alicheka tu, akakaza fundo la kitambaa.

Na kijiji chao, huko milimani karibu na Itumba, hakikuwa na subira ya miaka mitano. Gwantwa alipomaliza mwaka wa kwanza tu, walishamvika koti jeupe. Kanisani alisimamishwa, "daktari wetu", na makofi yakapigwa. Mwanzoni alijitahidi kuwaeleza kwamba yeye bado mwanafunzi, anasoma mifupa na mishipa, wagonjwa hajafika. Nani amsikilize? Na jina lenyewe tamu jamani, akalizoea. Siku ya kurudi chuoni alimtania mama yake: "Ukiumwa usihangaike kupanga foleni na watu. Daktari wako si nipo?" Enesi alicheka mpaka akajifuta machozi.

Mwaka ukakatika. Gwantwa akarudi likizo, mwaka wa pili umekwisha. Alishuka basi pale Mpemba, akapanda gari la Itumba, na njia nzima alikuwa na furaha, maskini, kwa sababu mitihani alikuwa ameifaulu vizuri.

Alimkuta mama yake amekonda. Wakala, karanga zikatolewa, kuku akatolewa. Kisha Enesi akamwambia mumewe akawaangalie mbuzi. Jairo akainuka bila kuuliza, kama mtu aliyekuwa akiingoja zamu hiyo siku nyingi. Enesi akamwita binti yake chumbani, akafunga mlango, akafungua kanga.

"Haya, mama," alisema, kwani hivyo ndivyo alivyomwita mwanawe tangu mdogo. "Nitazamie na hiki."

Ziwa la kushoto lilikuwa limevimba, ngozi yake imekuwa na vitundu kama ganda la chungwa, chuchu imezama ndani. Pembeni palikuwa na kidonda, kimefunikwa kwa kitambaa safi kilichopigwa pasi. Gwantwa alikuwa ameyaona haya yote kwenye picha ya kitabu. Aliyakariri, akaulizwa, akapata alama zote.

"Tangu lini, mama?"

"Ulipoondoka tu. Kalikuwa kadogo, kama harage."

"Na hospitali hukwenda?"

"Nilikwenda mara moja. Nesi akasema niende Mbeya haraka, wakate kinyama wakipime." Enesi alitabasamu, ana siri nzuri ya kusimulia. "Nikamwambia sina haja, mimi nina daktari wangu mwenyewe, yuko chuo anamalizia."

"Tuliongea kwenye simu kila Jumapili. Mbona hukuniambia?"

"Nikuvurugie mitihani? Nilisema akija atakikuta. Baba yako alipiga kelele, nikamwambia wewe hujui, mtoto mwenyewe ndiye aliyesema nimngojee. Nikakuwekea."

Gwantwa alitamani ardhi ipasuke immeze. Angempigia nani magoti? Kesho watakwenda Mbeya, alijiambia, na Mbeya watawaambia waende Dar, na Dar watawaambia kile alichokwisha kukisoma. Alipapasa kwapani mwa mama yake, akakuta tezi ngumu zimeshikamana. Hapo akajua. Miaka miwili chuoni ilikuwa imemtosha kujua, na haikuwa imemfundisha jambo lingine lolote la kufanya.

Mikono hii ilikuwa imegusa maiti tu. Maiti hawana joto, wananuka dawa, na hawakutazami usoni. Enesi alikuwa akimtazama usoni, ametulia, fahari imemjaa, kama siku ile ya makofi kanisani.

"Mikono yako myepesi," alisema. "Nilijua tu. Yule nesi alinibinya mpaka nikalia."

Nje, Jairo alikohoa. Kwa mbuzi hakuwa amekwenda. "Daktari anasemaje?" aliuliza kutoka ng'ambo ya mlango, kwa sauti ndogo.

 

"Mwache, baba Gwantwa," Enesi alimjibu mumewe. "Ndo kwanza anapima."

Na Gwantwa akaendelea kupima. Alirudia kwapa, akarudia ziwa, akarudia tena kwapa, taratibu, mahali palepale alipokwisha kupajua, kwa sababu akiondoa mkono ingembidi aseme.