Thamani ya Bruno

Mbwa alikuwa Dar es Salaam, ndani ya kreti, kwenye ghala la mizigo la uwanja wa ndege. Tereza, mama yake Yohanes, alikuwa Makambako kwenye benchi la wakala wa forodha, na saa ya ukutani ilionyesha saa saba na nusu mchana. Saa tisa kamili, kama ushuru haujalipwa, Bruno angepakiwa ndege ya jioni kurudi Ujerumani. Na huko hakuna tena wa kumpokea ila daktari mwenye sindano ya kumlaza asiamke.

"Mama Yohanes, nieleze taratibu," alisema Hamisa, mwenye ofisi. Kwa miaka kumi alikuwa amewatolea wafanyabiashara wa mji ule magari, vipuri na marobota ya mitumba, lakini mbwa ndiye wa kwanza. "Hapa kwenye thamani ya mzigo, nani kaandika dola elfu tano?"

"Mimi."

"Kwa hesabu gani?"

"Ng'ombe wanne wa maziwa, nikaongeza kidogo."

Hamisa alishika kichwa. "Na mimi nikaituma bila kusoma! Nilijua mbwa ni mbwa tu. Mama, ushuru unakokotolewa kwa namba hii hii. Wanadai milioni nyingi, na wewe una ngapi?"

Tereza alikuwa na milioni moja na laki mbili, fedha za viazi, kwenye pochi aliyoifunga tumboni tangu alipotoka kijijini kwake Uwemba alfajiri. Alikuwa na miti pia, lakini mnunuzi wa mbao alisema hawezi kulipa kabla ya Jumamosi. Maji yalikuwa yamezidi unga.

Msimcheke. Yohanes alikuwa mwanawe wa pekee, muuguzi, miaka tisa ughaibuni. Mwezi wa pili moyo ulimsimama akiwa peke yake chumbani. Bruno ndiye aliyebweka mpaka majirani wakavunja mlango. Mwili uliletwa ukazikwa nyumbani. Mbwa akabaki kwa bibi wa jirani, naye sasa anahamia nyumba ya wazee wasikoruhusu mifugo, ndipo Bruno akasafirishwa kuja kwa Tereza. Katika ukoo wa Tereza, matanga yakiisha, mali ya marehemu huwekwa mbele ya ndugu na kutajwa moja moja kwa heshima, hata kama ni koti lililochanika kwapa. Anayekidharau kitu amemdharau mwenyewe aliyelala kaburini. Kwa hiyo fomu ilipomuuliza thamani, Tereza hakufikiria serikali. Alimfikiria Yohanes, akaona hata hiyo elfu tano ni ndogo.

Simu ya Hamisa ikaita, akaiweka kwenye spika. Alikuwa Musa, mtu wake wa kule uwanjani.

"Dada, afisa amekubali turekebishe," Musa alisema haraka haraka. "Mwandike kwamba ni mbwa mzee wa nyumbani, si wa biashara, hana thamani. Ila mwenye mbwa athibitishe mwenyewe kwa mdomo wake. Na mfanye hima, kreti zimeanza kupangwa."

Hamisa aligeuza karatasi mpya kumwelekea Tereza. "Umesikia. Zitabaki ada za ghala, za daktari wa mifugo na zangu. Hizo unazo. Weka sahihi hapa."

Tereza alisoma kwa kidole, neno kwa neno. Akaisukuma karatasi.

"Sisaini."

"Mama!"

"Andika mzee. Andika anachechemea. Hilo la hana thamani silisemi. Kesho nikifika kaburini nitamwambia nini?"

"Utamwambia mbwa wake yuko hai!" Hamisa alipandisha sauti, madereva wawili waliokuwa wakisubiri karatasi zao wakageuka. "Mtaka cha mvunguni sharti ainame, Mama Yohanes. Wewe hutaki kuinama, na saa nane imeshapita."

Tereza alikasirika, na hakujua amkasirikie nani: huyu binti, serikali, au mkono wake mwenyewe ulioandika elfu tano kwa kujidai. Mshale wa saa haukumsubiri amalize hasira. Saa tisa kasoro dakika kumi na tano, Musa alituma ujumbe kwamba watu wa ndege wamekuja na toroli. Tereza akavuta karatasi, akasaini, Hamisa akaipiga picha na kuituma. Kisha akampigia Musa, akampa Tereza simu.

"Mama, mimi ni afisa forodha. Huyu mbwa ana thamani gani?"

"Hana," Tereza alinong'ona.

"Sikusikii. Mtandao unakatika."

"Hana thamani."

"Bado sikusikii, mama, na watu wa ndege wamesimama hapa! Sema kwa nguvu!"

Tereza akainuka kwenye benchi. "Hana thamani!" alipiga kelele. "Mbwa wa mwanangu hana thamani yoyote!"

Dereva mmoja akavua kofia, hata sijui kwa nini.

"Haya, nimekusikia. Lipeni ada, mbwa ameruhusiwa."

Tereza alifungua pochi, akaimwaga mezani bila kuhesabu. Hamisa alilipa ada za kule kwa simu, vidole vikimkimbia, na dakika nne kabla ya saa tisa Musa aliandika kwamba kreti imeshushwa kutoka kwenye toroli. Hamisa akapiga makofi. "Tumempata, Mama Yohanes! Tumempata!"

Tereza hakupiga makofi. Machozi yalimtoka waziwazi mbele ya wanaume wale, naye hakuyafuta.

"Mwambie Musa amwondoe hapo upesi," alisema, "kabla sijampigia yule afisa nimwambie nimemdanganya."